NYONGA YA CHUMA IKILEGEA: TUTAZAME MUFUPA MBELE YA KUCHAGUA CHUMA



Munajua jembe la zamani, lile ambalo mukia wake wa chuma unaingizwa ndani ya tundu la mupini. Mukia ukilegea, mulimaji mwenye akili hakimbilii sokoni kununua jembe lingine. Kwanza anatazama mupini. Tundu limepanuka kadiri gani? Muti ungali mugumu, ao umeoza? Umeanza kupasuka? Akiisha kujua hali ya muti, ndipo anajua chuma gani kitashika. Anayeanza kwa kuchagua chuma kizuri pasipo kutazama muti, atapasua mupini wake.

Leo tunasema juu ya watu waliokwisha kutiwa nyonga ya chuma, na nyonga ile imelegea ao imeharibika, na sasa wanganga wanawaambia kwamba sherti wapasuliwe mara ya pili. Neno langu ni hili: katika kupasua kwa mara ya pili, mufupa uliobaki ndio unaochagua chuma. Si bei inayochagua, wala upya wa chuma, wala jina la kiwanda, wala sanduku la zawadi lililofika kutoka Ulaya. Na kati ya vyuma ambavyo mufupa unaweza kuvikubali, heri kile chenye vipande vichache. Nitawaeleza sababu, na ninyi mupime wenyewe.

NYONGA YA CHUMA NI KITU GANI?

Nyonga ni kiungo kinachounga paja na kiuno. Kichwa cha mufupa wa paja ni cha muviringo kama mupira, nacho kinazunguka ndani ya kikombe kilicho katika mufupa wa kiuno. Kiungo hiki kikiharibika kabisa, wapasuaji wanaweza kukata kichwa kile na kutia kingine. Upande wa kiuno wanaweka kikombe kipya. Upande wa paja wanaingiza chuma kirefu ndani ya uwazi wa mufupa, pahali penye uboho. Chuma hiki tutakiita shina. Juu ya shina kunakaa kichwa kipya cha muviringo.

Njia hii ilifunguliwa vizuri na John Charnley, mupasuaji wa hospitali ya Wrightington katika Uingereza. Kwanza alijaribu vikombe vya plastiki inayoitwa Teflon, navyo vikalika upesi sana. Katika mwezi wa Novemba 1962 akaanza kutumia plastiki nyingine iliyo ngumu kupita ile, pamoja na shina la chuma lililoshikwa ndani ya mufupa kwa simenti ya wanganga. Kazi hii imewasimamisha watu wengi sana waliokuwa wakilala kitandani kwa maumivu. Nyonga ya namna hii inaweza kudumu miaka 15, ao 20, ao kupita. Lakini ni kitu cha kazi ya mikono, na kila kitu cha kazi ya mikono kinachakaa.

KWA NINI INALEGEA?

Sababu ni nyingi, lakini ine ndizo kubwa.

Ya kwanza ni vumbi. Kila hatua unayopiga, kichwa kinasugua kikombe, na plastiki inatoa vumbi laini lisiloonekana kwa macho. Mwili unaliona vumbi lile kama adui. Askari wa mwili wanakuja kulila, hawaliwezi, na katika vita ile wanaula mufupa wenyewe. Pole pole, miaka mingi, mufupa unaliwa kuzunguka shina, na mugonjwa anaweza kukaa pasipo kusikia maumivu hata siku ile shina linapoanza kutikisika.

Ya pili ni mikrobe. Zinaweza kuingia siku ya kupasuliwa, ao zikaja nyuma kwa njia ya damu kutoka kidonda cha muguu, jino lililooza, ao ugonjwa wa mukojo.

Ya tatu ni kuanguka. Mufupa unavunjika karibu na shina.

Ya ine ni kuteguka mara kwa mara, kichwa kikitoka katika kikombe chake.

KWA NINI MARA YA PILI NI NGUMU KUPITA YA KWANZA?

Watu wengi wanafikiri hivi: «Mara ya kwanza munganga alitia chuma; sasa atatoa cha zamani na kutia kipya, basi.» Sivyo, wandugu.

Mara ya kwanza mupasuaji anakuta mufupa mugeni, ambao haujaguswa. Ndani yake una vitundu vidogo vidogo kama sifongo, na simenti inaingia katika vitundu vile na kushika kwa nguvu. Mara ya pili sifongo ile haipo tena. Ukuta wa ndani umekuwa laini, unateleza kama chungu kilichopakwa mafuta. Pahali pengine umebaki mwembamba kama ganda la yai. Tena, kutoa shina la zamani na simenti yake ni kazi ya patasi na musumeno, na kila pigo linaweza kuondoa mufupa kidogo. Pengine wapasuaji wanakata dirisha refu katika upande wa juu wa mufupa, wapate kuondoa simenti yote pasipo kutoboa ukuta. Kisha wanalifunga dirisha lile kwa nyuzi za chuma.

Kwa hiyo kila kupasua kunapunguza mufupa. Mutu akiwekewa shina lisilofaa mara ya pili, nalo likazama ao likalegea, mara ya tatu atakuwa na mufupa mudogo zaidi wa kulishika lingine. Hii ndiyo hatari kubwa. Anayekosea katika kuchagua hapotezi feza tu. Anakula akiba ya mugonjwa.

KWANZA TAFUTA MIKROBE

Mbele ya kusema neno moja juu ya chuma, wanganga wanapashwa kujua kama kuna mikrobe ndani. Wanapima damu. Wanachoma sindano katika kiungo, wanachota maji yake, na kuyapeleka kwa laboratwari. Kama mikrobe ziko, kazi inageuka kabisa. Mara nyingi watatoa chuma chote, watasafisha, watatia simenti yenye dawa ya kuua mikrobe, mugonjwa atangoja kwa majuma ao miezi, na nyuma atarudi kutiwa shina jipya. Pengine wapasuaji wenye ujuzi mwingi wanafanya yote kwa mara moja, kama mikrobe inajulikana na dawa yake inajulikana.

Mugonjwa anachoka kungoja, na jamaa wananung'unika. Lakini shina zuri likitiwa ndani ya usaha ni kazi bure. Usiukasirikie munganga anayekuambia ungoje.

NAMNA YA KUPIMA MUFUPA ULIOBAKI

Picha za radiografi zinapigwa, mbele na upande, nazo zionyeshe paja lote mpaka chini ya ncha ya shina. Wapasuaji wengi wa dunia wanatumia kipimo kilichopangwa na Wayne Paprosky, mupasuaji wa upande wa Chicago katika Marekani. Kipimo hiki si kigumu, na hata mutu asiye munganga anaweza kukifahamu.

Kiwango cha 1: mufupa umeharibika kidogo tu upande wa juu.

Kiwango cha 2: sifongo ya juu imekwisha, lakini bomba la mufupa wa paja ni zima.

Kiwango cha 3A: sehemu ya juu imeharibika sana, haiwezi kushika kitu, lakini katikati ya bomba, pale penye wembamba, kumebaki santimetri 4 ao zaidi za mufupa mugumu unaoweza kushika chuma.

Kiwango cha 3B: sehemu ya juu imeharibika vilevile, na mufupa mugumu wa katikati haufiki santimetri 4.

Kiwango cha 4: bomba limepanuka lote, kuta ni nyembamba, na hakuna pahali pembamba pa kushika.

Tazameni namna kipimo hiki kinavyouliza. Hakiulizi, «Chuma gani ni kizuri?» Kinauliza, «Mufupa mugumu umebaki wapi, na kwa urefu gani?» Santimetri 4 ni upana wa vidole viwili tu. Juu ya vidole viwili vile vya mufupa, mutu atasimama ao ataanguka.

Kama mufupa umevunjika karibu na shina, kuna kipimo kingine kilichotangazwa mwaka 1995 na Duncan na Masri wa Vancouver, katika Kanada. Nacho kinauliza vilevile: mufupa umevunjika wapi, shina lingali limeshika ao limelegea, na mufupa unaolizunguka ni muzuri ao mubaya? Kama shina limeshika vizuri, mara nyingi inafaa kuunga mufupa kwa vyuma vya nje na kuliacha shina pahali pake. Kama limelegea, kuunga mufupa peke yake hakutoshi. Sherti shina refu lipite pahali palipovunjika, tena lipite kwa urefu unaotosha, yaani mara mbili ya unene wa mufupa ao zaidi.

VYUMA GANI VIKO, NA VINAFAA WAPI?

Moja. Simenti juu ya simenti. Kama simenti ya zamani ingali imeshika mufupa vizuri, na mikrobe haziko, mupasuaji anaweza kutoa shina tu, akaiacha simenti, akatia simenti mupya kidogo na shina jembamba zaidi. Njia hii ni fupi, damu inatoka kidogo, nayo inafaa sana kwa wazee. Lakini kama simenti ya zamani inatikisika, usijenge juu yake.

Mbili. Shina refu la duara, la kobalti na kromi, lililofunikwa lote na vitundu vidogo ili mufupa uote ndani yake. Limefanya kazi nzuri kwa miaka mingi pale ambapo mufupa wa katikati ni muzima. Lakini ni gumu sana kupita mufupa. Ndani ya bomba pana, milimetri 19 ao zaidi, shina nene la namna hii linaweza kuleta maumivu ya paja, na mufupa wa juu unakosa kazi na kukonda. Katika mifupa ya kiwango cha 3B yenye bomba pana hivi, limekosa kushika mara nyingi.

Tatu. Shina la kabari. Hili lilianzishwa na Heinz Wagner, mupasuaji wa Ujerumani, mwaka 1987. Ni refu, la titani, nene juu na jembamba chini, nalo lina mbavu kali zinazoshuka toka juu mpaka chini. Mbavu zinauma ukuta wa mufupa na kuzuia shina lisizunguke. Wembamba wake unalifanya likaze zaidi kila mara uzito unapolikandamiza, sawasawa na mukia wa jembe tuliousema. Tena titani inanyumbuka kidogo kupita kobalti. Wagner na wengine waliona jambo la furaha: nyuma ya miaka kidogo, mara nyingi mufupa mupya uliota kulizunguka, upande wa juu uliokuwa umeliwa. Leo mashina ya namna hii ndiyo yanayotumiwa sana katika viwango vya 3A na 3B.

Ine. Mufupa uliosagwa. Vichwa vya mifupa vilivyotolewa kwa watu wengine na kuwekwa katika baridi kali vinasagwa, vinashindiliwa kwa nguvu ndani ya bomba, kisha simenti na shina laini vinatiwa katikati. Wapasuaji wa Exeter katika Uingereza walitangaza sana njia hii kwa upande wa paja. Uzuri wake ni kwamba inaweza kumurudishia mutu mufupa wake, na kwa kijana hiyo ni akiba kubwa. Ugumu wake ni kwamba inaomba akiba ya mifupa safi, mikono yenye mazoezi, na saa nyingi.

Tano. Kipande kikubwa cha chuma kinachoondoa sehemu yote ya juu ya mufupa wa paja na kukaa pahali pake. Ni kwa ajili ya muzee asiyetembea sana, ambaye mufupa wake umekwisha, apate kusimama upesi. Kinateguka mara nyingi zaidi, na mikrobe zinakipenda.

Sita. Kuacha pasipo chuma. Watu hawapendi kulisikia neno hili, lakini ni njia ya kweli ya unganga. Chuma chote kinaondolewa, kidonda kinapona, na makovu magumu yanashika pahali pa kiungo. Muguu unakuwa mufupi, na mugonjwa anatembea kwa fimbo ao magongo, na kiatu kilichoinuliwa. Kwa mutu mwenye mikrobe zisizokubali dawa, ao asiyeweza kuvumilia kupasuliwa tena, hii inaweza kuwa rehema. Na mimi ninasema wazi: heri muguu mufupi usio na usaha, kupita muguu murefu wenye shina lisiloshika.

KIPANDE KIMOJA AO VIPANDE VIWILI?

Hapa wapasuaji wenyewe wanabishana, na ni vema mujue.

Shina la kabari liko la namna mbili. Lingine ni la kipande kimoja toka juu mpaka chini. Lingine ni la vipande viwili: sehemu ya chini inakazwa kwanza ndani ya mufupa mpaka inashika, kisha sehemu ya juu inachaguliwa na kufungwa juu yake.

Wanaopenda vipande viwili wana sababu nzuri. Wanasema: «Shina la kabari linashuka mpaka linaposhika lenyewe. Huwezi kulilazimisha lisimame pale unapotaka. Kwa vipande viwili, chini ikikwisha kushika, bado unaweza kurekebisha urefu wa muguu na kugeuza shingo ielekee vizuri, ili kichwa kisiteguke.» Maneno haya ni ya kweli. Na mashina ya kipande kimoja ya siku za kwanza yalizama mara nyingi, mugonjwa akabaki na muguu mufupi.

Lakini tusikilize na upande wa pili. Pale vipande viwili vinapokutana ni pahali pa uzaifu. Kama mufupa wa juu umeliwa wote, hakuna kitu kinachokitegemeza kiungo kile. Uzito wa mwili unakipinda kila hatua, na mashina mengine yamekatika pale pale. Tena chuma kinasuguana na chuma, na kutu inaweza kuingia. Bei yake ni kubwa zaidi, na vyombo vyake ni vingi zaidi. Na wanganga walipolinganisha wagonjwa wa namna zote mbili, hawakuona kwamba mashina ya vipande viwili yanadumu wazi kupita yale ya kipande kimoja. Mashina ya kipande kimoja ya siku hizi yametengenezwa vizuri zaidi, na wapasuaji wamejifunza kuchagua unene unaotosha ili yasizame.

Kwa hiyo neno langu ni hili. Kama mufupa umepinda, ao urefu wa muguu umepotea sana, ao kuteguka ndiko kulikoleta ugonjwa, vipande viwili vina haki yao. Lakini pale ambapo mufupa wa katikati ni munyofu na una nguvu, shina la kipande kimoja linatosha. Na katika inchi zetu, ambako shina likikatika mugonjwa anaweza kusafiri siku nyingi mbele ya kumupata mutu wa kulitoa, chuma kisichoweza kufunguka katikati ni usalama. Anayetaka vipande viwili aonyeshe katika picha sababu ya kuvitaka. Kusema kwamba ni vipya si sababu.

JUU YA VIJANA WENYE UGONJWA WA SS

Pengine musomaji mumoja anauliza, «Mambo haya si ya wazee wa Ulaya?» Hapana. Kongo ni mojawapo ya inchi tatu za dunia, pamoja na Nigeria na India, ambamo watoto wengi zaidi wanazaliwa na drepanositozi, ugonjwa wa damu ambao watu wengi wanauita SS. Katika ugonjwa huu chembe za damu zinageuka kuwa na umbo la mundu, zinaziba mishipa midogo, na kichwa cha mufupa wa paja kinaweza kufa kwa kukosa damu. Basi kijana wa miaka 20 ao 25 anatembea kama muzee. Akitiwa nyonga ya chuma katika umri ule, na akiishi miaka mingi kama tunavyotumaini, ni hakika karibu kabisa kwamba siku moja atarudi kwa ajili ya nyingine.

Mufupa wake ni wa namna ya peke yake. Pengine uwazi wa ndani umezibwa na mufupa mugumu kama jiwe, na mupasuaji akisukuma chombo kwa nguvu anatoboa ukuta. Inampasa kupitisha kwanza waya mwembamba, akitazama kwa radiografi, na kupanua njia pole pole. Mashina membamba sana yawe tayari. Tena kijana huyu anahitaji damu iliyopimwa, maji ya kutosha, pumzi nzuri na joto siku ya kupasuliwa, na mikrobe zinamushika upesi kupita wengine.

Kwa hiyo kwa kijana wa SS kuchagua kwa mara ya pili kunaanza siku ya mara ya kwanza. Shina la kwanza liwe lile ambalo litaweza kutolewa kesho pasipo kuharibu mufupa wote.

JUU YA MASANDUKU YA ZAWADI

Tunashukuru kwa kila musaada. Lakini sanduku lenye mashina matatu ya vipimo mbalimbali, pasipo vyombo vyake, pasipo vichwa vinavyolingana nayo, si zawadi kwa mugonjwa. Ni mutego. Maana mupasuaji akiwa na shina moja tu mezani, hachagui tena, analilazimisha. Likiwa nene, linapasua mufupa. Likiwa jembamba, linazama.

Hospitali inayotaka kufanya kazi hii iwe na vipimo vyote vya shina, vyembamba na vinene, vifupi na virefu, vyombo vya kutolea shina la zamani, nyuzi za kufungia mufupa, radiografi inayofanya kazi ndani ya chumba cha kupasulia, damu tayari, na laboratwari ya kutafuta mikrobe. Ikikosa haya, isione haya kusema, «Kazi hii inapita nguvu zetu, nendeni mahali fulani.» Neno lile ni matunzo mema.

Na ninyi washirika wa kanisa munaokusanya feza kwa ajili ya ndugu yenu, musikusanye mbele ya kuuliza. Ulizeni maulizo haya matano:

1. Mikrobe zimetafutwa, na majibu ni gani?
2. Mufupa uliobaki ni wa kiwango gani, na mufupa mugumu umebaki wapi?
3. Shina gani limechaguliwa, na kwa sababu gani katika picha?
4. Kama shina lile halikushika siku ya kupasua, kuna lingine tayari?
5. Mupasuaji na watu wake wamekwisha kufanya kazi hii ya mara ya pili?

Munganga mwema hatakasirika. Atachukua picha, atawaonyesha kwa kidole.

KARATASI NDOGO ISIYOPASWA KUPOTEA

Kila shina linatoka katika boksi lake pamoja na vibandiko vidogo vilivyoandikwa jina la kiwanda, namna ya shina, kipimo, na hesabu ya kutambulisha. Kimoja kinabandikwa katika kitabu cha hospitali. Omba kingine kwa ajili yako, kibandike katika kitabu chako cha ugonjwa, na kukifunga katika mufuko usiopenya maji.

Kwa nini? Kwa sababu miaka 15 ikipita, pengine kikombe peke yake kitakuwa kimechakaa, na shina lingali limeshika kama siku ya kwanza. Mupasuaji angependa kuliacha na kubadili kichwa tu. Lakini shingo za viwanda mbalimbali hazilingani, na kichwa cha kiwanda kimoja kikitiwa juu ya shingo ya kingine kinaweza kukatika ao kutoa kutu. Pasipo kujua shina ni la namna gani, pengine atalazimika kung'oa shina zima, na pamoja nalo mufupa muzuri. Karatasi yenye ukubwa wa kidole inaweza kuokoa paja lote.

Inchi nyingine zinaandika nyonga zote katika kitabu kimoja cha taifa, zipate kujua chuma gani kinadumu na kipi kinalegea. Sweden ilianza mwaka 1979. Malawi, inchi ya Afrika isiyo na mali nyingi, ilianza mwaka 2005. Malawi wakiweza, hata sisi tunaweza.

NYUMA YA KUPASULIWA

Shina la kabari halishiki kwa simenti. Linangoja mufupa uote kulishika. Kwa hiyo mugonjwa atatembea kwa magongo kwa majuma mengi, kama munganga atakavyosema, asilazimishe uzito wote mbele ya wakati. Picha za radiografi zirudiwe. Shina likishuka kidogo katika miezi ya kwanza kisha likasimama, mara nyingi si neno baya. Likiendelea kushuka, ao maumivu ya paja yakizidi wakati wa kutembea, ao kidonda kikitoa maji, rudi upesi, usingoje mpaka feza za mavuno.

Na wewe ambaye leo nyonga yako ya zamani haikuumi hata kidogo, rudi vilevile kupigwa picha kwa wakati uliowekwa. Mufupa unaliwa pasipo kelele. Ukija mapema, utamukuta mupasuaji akiwa na mengi ya kuchagua. Ukichelewa, mufupa utakuwa umekwisha kuchagua kwa ajili yenu wote wawili.